Nahama Najjera: ofisi iko Nakasero, gari sina, nipange wapi Kampala?

#1 Binti wa Kagera

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za jioni.

Nina miaka 34, ni mkaguzi wa hesabu, ofisi yetu iko Nakasero. Kwetu ni Bukoba. Niliingia Kampala mwaka juzi kwa basi la Mutukula nikiwa na mabegi mawili, na mji huu naupenda mpaka leo. Mkataba wangu wa nyumba unaisha mwisho wa mwezi ujao na sitauongeza. Natafuta vyumba viwili, self, kodi isizidi shilingi 1,100,000 za Uganda kwa mwezi. Gari sina na sipangi kununua.

Ninapokaa sasa ni Najjera. Nilipofika, kila niliyemuuliza ofisini alinitajia huko huko: ndiko wanakokaa vijana wenye kazi zao, nyumba mpya, vigae, saluni, gym, mahali pa kula usiku. Ni kweli vyote vipo. Nyumba niliiona Januari, jua linawaka, barabara ina vumbi lakini ni ngumu. Broka (ndiye dalali wa huku) alinipeleka Jumamosi saa nne asubuhi, kutoka Ntinda tukatumia dakika kumi na tano. Nikalipa miezi mitatu siku ile ile.

Mvua za Machi zilipoanza ndipo nilipoijua nyumba yangu. Kutoka lami mpaka getini ni mita mia sita za kushuka, na zote ziligeuka tope jekundu. Boda wakawa wanagoma kushuka, anayekubali anataka nauli mara mbili. Nikawa naondoka na ndala, viatu vya kazi viko kwenye mfuko, naosha miguu kwenye bomba la ofisini. Shimo la maji taka likawa linajaa kila baada ya wiki chache, na mwenye nyumba anataka wapangaji tuchange gari la kunyonya.

Halafu foleni. Mwezi mzima wa Oktoba niliandika kwenye daftari. Natoka saa 12:15 asubuhi, Kiwatule, Ntinda, Bukoto, Kamwokya, nafika kazini saa mbili kasoro dakika kumi. Jioni nikitoka saa 11 nafungua mlango saa moja. Saa tatu na nusu kila siku ya kazi! Umri huu nilitaka nirudi nyumbani nipike, nisome kidogo, nimpigie mama kabla hajalala. Sasa nala chapati ya mayai ya steji, nalala nimevaa sare ya kazi.

Nimetajiwa Kyaliwajjala, Bunga, Mbuya na Seguku. Naomba anisaidie anayeishi huko kweli, siyo aliyepita tu na gari.

#2 Mzaliwa wa Mbuya

Karibu dada yangu. Baba yangu alikuwa askari, nimezaliwa kota za jeshi Mbuya, Kiswahili kwetu ni lugha ya nyumbani. Nina miaka 41 na yote nimeimalizia Kampala, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Najjera haina kosa. Nina rafiki anakaa huko huko, duka lake liko Ntinda, na maisha yake ni mazuri. Kwako wewe tatizo ni kwamba ulichagua mtaa kabla hujachagua mlango wa kuingilia mjini. Kampala imekaa juu ya vilima, na barabara kubwa zote zinateremka mabondeni kugombania njia chache. Anayetoka mashariki anaingia kwa Jinja Road, na atakabwa Kireka, Banda na Nakawa. Anayetoka upande wako lazima ateremke Ntinda. Gayaza Road inakabwa Kalerwe, Bombo Road Bwaise, Masaka Road Busega, Entebbe Road Kibuye, Ggaba Road Kabalagala. Northern Bypass ni nzuri, kilomita 21 kutoka Bweyogerere hadi Busega, lakini kazi yake ni kukuzungusha mji. Haikufikishi Nakasero.

Sensa ya 2024 ilikuta wilaya ya Wakiso ina watu zaidi ya milioni 3, na Kampala yenyewe chini ya milioni 2. Najjera, Kira, Kyaliwajjala, Seguku, zote ni Wakiso. Wengi wao kazi, maduka na shule viko Kampala. Kila asubuhi mnapita kwenye matundu yale yale, saa zile zile.

Kwa hiyo chukua kalamu, anzia mlangoni pa ofisi yako urudi nyuma. Ukiwa Nakasero bila gari, mimi ningetafuta Bukoto, Kamwokya ya juu, Naguru upande wa chini, Mbuya, au Makindye kileleni kwa kupitia Nsambya. Bugolobi usijisumbue na bajeti hiyo, huko nyumba nyingi nzuri bado zinatajwa kwa dola. Kipimo changu ni hiki: siku usafiri umekwama kabisa, je, naweza kutembea mpaka nyumbani kabla ya giza? Kutoka Nakasero hadi Mbuya nimeshatembea mara mbili. Unachoka, lakini unafika.

#3 Konda Mstaafu

Niongezee moja. Nyumba usiitazame Jumamosi. Nenda Jumatatu saa 12 na nusu asubuhi, simama kwenye steji ambayo utakuwa unaitumia, hesabu taksi (ndizo daladala za huku) zinazopita zimeshajaa. Taksi inabeba abiria 14 na inajaa kule inakoanzia. Ukikaa katikati ya njia utaona taksi nyingi sana na hutapata kiti. Watu wanadhani kukaa karibu zaidi ni kuwahi zaidi, ila mwenye kukaa steji ya mwanzo mara nyingine anakupita akiwa amekaa dirishani.

#4 Mkenya wa Bunga

Sasa dada. Mimi niko Bunga mwaka wa nne, nilitoka Kisumu. Huku hewa ni safi, ziwa liko karibu, jioni ukienda Ggaba kununua samaki unapata sato aliyetoka majini siku hiyo. Kansanga yote ina wanafunzi kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki, kwa hivyo Kiswahili utakiongea dukani, kinyozi, kwa boda, kila mahali. Kama unaskia upweke wa lugha, hii ndiyo barabara yako.

Lakini nikuambie ukweli. Hii Ggaba Road ni moja tu, na kuanzia Kansanga mpaka Kabalagala asubuhi ni mateso. Kabalagala pia haina usiku, muziki mpaka alfajiri, kwa hivyo ukipewa nyumba ya bei nzuri karibu na hapo jua kwa nini. Mimi nafanya kazi nyumbani siku tatu kwa wiki ndiyo maana naweza. Kama wewe ni wa kuripoti kila siku saa mbili, fikiria tena.

#5 Mama Kyaliwajjala

Mwanangu, mimi ni mpangaji wa muda mrefu hapa Kyaliwajjala na sitahama. Soko lipo, shule zipo, kodi ina afadhali kuliko Ntinda, na majirani wanajuana. Ila kuna mambo wageni hawaambiwi.

La kwanza ni tarehe 3 Juni. Namugongo, jirani yetu hapa, ndipo palipo madhabahu ya Mashahidi wa Uganda, na mahujaji wanafika kwa miguu kutoka mbali sana, wengine wametembea wiki mbili. Barabara zinafungwa, na siku kadhaa kabla yake huwezi kupanga safari ya gari. Mimi nazipenda siku hizo, ninaweka mtungi wa maji getini kwa wanaopita, tunapika chai. Lakini kama mwajiri wako hajui Namugongo, mwambie mapema.

La pili, Namboole. Uwanja wa Mandela ukiwa na mechi kubwa, kama wakati wa mashindano ya CHAN Agosti 2025, upande wote wa Kireka na Bweyogerere unasimama. Angalia ratiba ya mpira hata kama hupendi mpira.

Na kwa kwenda Nakasero bila gari, Mzaliwa wa Mbuya amekwambia kweli. Mimi kazi yangu iko hapa hapa.

#6 Fundi Bomba wa Kira

Habari zenu. Mimi ni fundi bomba, naingia nyumba za watu kila siku Kira, Najjera, Naalya, Kisaasi. Dada uliyeanzisha uzi, shida zako zote mbili za nyumba ni moja: umepanga bondeni. Wenye fedha za zamani walijenga vilimani. Nyumba mpya za kupangisha nyingi zimejengwa kwenye miteremko iliyobaki na pembeni ya vinamasi, kwa sababu kiwanja kule kilikuwa rahisi. Vigae havikuonyeshi hilo.

Ukienda kuangalia nyumba, kabla hujaingia ndani zunguka nyuma ya ukuta. Ukiona magimbi na miwa vimestawi, au mafunjo, maji yako chini ya miguu yako. Tazama ukuta wa fensi usawa wa goti: pana mstari wa tope la zamani? Au pamepakwa rangi mpya chini tu, juu rangi ya zamani? Hapo maji yalifika. Tazama vizingiti vya milango kama vimeinuliwa kwa saruji baada ya nyumba kuisha. Uliza watoto wanaocheza nje, watoto hawafichi.

Shimo la maji taka. Sehemu kubwa ya vitongoji vyetu haina bomba la maji taka la mji, kila nyumba ina shimo lake. Bondeni, msimu wa mvua, maji ya ardhini yanaingia ndani ya shimo, ndiyo maana lako linajaa baada ya wiki chache hata kama uko peke yako. Kunyonya hakutibu, ni kulipia maji ya mvua. Muulize mwenye nyumba: mara ya mwisho limenyonywa lini, na nani alilipa? Jibu liingie kwenye mkataba.

Sasa juu ya kilima nako kuna tabu yake. Presha ya maji ya National Water inaweza kushuka mchana, maji yanapanda usiku. Hapo unahitaji tanki, na tanki liwe na uwezo wa kutosha wapangaji wote. Fungua bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja, saa za mchana, uone. Kisha uliza mita. Mita ya maji ni yako au ya kompaundi nzima? Nimeona majirani wakigombana mpaka kwa mwenyekiti wa LC1 (serikali ya mtaa) kwa sababu ya bili moja ya maji ya nyumba sita.

Umeme hivyo hivyo. Yaka ni kama LUKU yenu, unanunua kwanza. Kila mwezi uniti 15 za kwanza zina bei nafuu kwa matumizi ya nyumbani. Mkishirikiana mita moja watu wanne, unafuu huo mnaugawana na uliobaki mnalipa bei ya juu. Dai mita yako. Nenda na rafiki, mmoja azime swichi kuu ndani, mwingine asimame kwenye mita aone kama bado inahesabu.

Nenda mvua ikinyesha. Mwezi huu wa Novemba ni zawadi, usiupoteze.

#7 Binti wa Kagera

Fundi, Mungu akuzidishie. Hilo la magimbi limeniuma, maana nyuma ya ukuta wangu pamejaa magimbi na niliyasifia siku ile nilipokuja! Kwetu Bukoba kuona magimbi ni kuona chakula.

Nina maswali mawili. Mwenye nyumba mmoja wa Bukoto anataka miezi mitatu ya kodi, amana ya miezi miwili juu yake, na amesema kodi itapanda "kulingana na hali". Ni halali? Na la pili, brokeri wakinisikia nazungumza Kiswahili bei inapaa. Leo mmoja amenitoza 30,000 za kuonyeshwa nyumba, tukafika imeshapangwa. Niliumia, siyo kwa sababu ya hela, ni ile kujua kwamba alijua.

#8 Mwanasheria Mdogo

Dada, kuna Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022, isome yote, ni fupi. Yanayokuhusu: kodi ikiwa shilingi 500,000 au zaidi mkataba uwe wa maandishi. Amana isizidi kodi ya mwezi mmoja. Kodi haiwezi kupandishwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Inalipwa kwa shilingi isipokuwa mmekubaliana vingine. Na kukutoa ndani bila amri ya mahakama ni kosa, iwe kwa kukufungia mlango, kukukatia maji au kung'oa bati.

Kwa hiyo miezi miwili ya amana hapana, na "kulingana na hali" hapana. Mwambie kwa upole, ukiwa na nakala mkononi. Wengi hawajaisoma, na baadhi hubadilika wakiona umeisoma wewe. Asiyebadilika, afadhali umjue leo.

#9 Mzaliwa wa Mbuya

La Kiswahili nalielewa kwa uchungu. Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na wazee wengi wa Buganda walikisikia kwanza kwa watu wenye bunduki. Sisi watoto wa kota tulikua tukiangaliwa kwa hofu sokoni kwa sababu tu ya lugha ya mama zetu. Sasa mambo yanabadilika, mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe mashuleni, lakini moyo wa mtu haubadiliki kwa tangazo. Wewe anza kwa Luganda. Kihaya na Luganda ni ndugu, utakishika haraka. "Wasuze otya nno, ssebo" asubuhi, "osiibye otya" jioni, na bei ikitajwa, "nsalirako, ssebo." Ukishacheka naye, Kiswahili kitakuja chenyewe.

Na broka usimlipe kabla hajapiga simu mbele yako kwa mwenye nyumba, spika ikiwa wazi. Bora zaidi, panda boda ya mtaa unaoutaka, umwambie dereva akuzungushe kwa saa moja. Anajua nani anahama wiki hii.

#10 Baba Wawili

Mimi natetea Seguku. Nyumba ni kubwa, bustani, watoto wanacheza nje, kilima kina upepo. Expressway ya Entebbe imefunguliwa 2018 na imetuokoa.

#11 Konda Mstaafu

Kaka, inamwokoa mwenye gari. Tangu Januari 2022 gari dogo linalipa hadi 5,000 kwa kupita, na hata hivyo inakutoa Busega au Munyonyo, ambako bado una safari ya kufika Nakasero. Dada yetu atapanda taksi ya Entebbe Road na kukaa Kibuye na wenzake. Seguku ni nzuri kwako na watoto wako, nakubali.

#12 Baba Wawili

Hapo umesema kweli. Nilisahau kwamba hana gari. Samahani dada.

#13 Binti wa Kagera

Wakuu, narudi baada ya siku kumi na sita.

Nimeangalia nyumba saba. Nne za Bukoto: mbili ghali, moja ina mita moja ya Yaka kwa kompaundi yote, moja ni ya yule mwenye nyumba. Nilimpelekea nakala ya sheria. Aliisoma ukurasa wa kwanza, akanirudishia, akasema atatafuta mpangaji asiye na makaratasi. Nilitoka nikitetemeka kidogo, lakini nilitoka. Mbili za Makindye nilizipenda sana, kutoka barazani unaliona ziwa, ila kutoka steji kuna kichochoro kisicho na taa hata moja. Nilikipita saa tatu usiku kwa makusudi nikiwa na kaka wa ofisini, na nikajua sitaweza peke yangu.

Kisha Mbuya. Mzaliwa wa Mbuya alinipa jina la steji tu, boda mmoja akanizungusha, akanionyesha gorofa ambayo mama mmoja anahama Jumamosi kurudi Jinja. Vyumba viwili, ghorofa ya pili, mita zangu mwenyewe, kodi 1,050,000. Bondeni kule Kinawataka maji yalikuwa yamejaa barabarani asubuhi hiyo, mvua ilinyesha usiku kucha, lakini huku juu lami imekauka. Nyuma ya ukuta kuna mwembe na parachichi. Nilipanda taksi Jumatatu saa 12:40, tukapita Bugolobi na Industrial Area, nikafika Nakasero saa 1:25. Jumanne dakika hamsini. Jumatano mvua, saa moja na dakika tano.

Mama anayehama alinikalisha akanipa chai. Nilimuuliza ubaya wa nyumba. Akasema kelele za jirani, na maji kukatika mchana mara mbili au tatu kwa wiki. Mwenye nyumba ni mzee, nilimsalimia kwa Luganda changu kibovu akanijibu kwa Kiswahili safi, kumbe alifanya kazi reli zamani, Tororo na Nairobi. Amekubali amana ya mwezi mmoja na mkataba wa maandishi. Nimeomba siku tatu kabla ya kusaini kwa sababu ya hilo la maji.

Fundi, tanki lililopo ni la lita 1,000 na tunalitumia nyumba nne. Linatosha?

#14 Fundi Bomba wa Kira

Halitoshi dada, maji yakikatika siku mbili mtagombana. Kwa nyumba nne omba lita 3,000 angalau, au ruhusa ya kuweka lako dogo barazani lenye bomba lake. Msingi wa kubebea tanki nao uangaliwe, tanki likijaa ni zito kuliko watu wanavyodhani. Alhamisi nina kazi Naguru asubuhi. Nitapita hapo saa nane mchana, mwambie mzee afungue ngazi ya juu.

#15 Binti wa Kagera

Nimempigia sasa hivi. Anasema ngazi itakuwa wazi, na atakuwepo mwenyewe.